Wafuasi elfu kumi, ukumbi mtupu: dhana potofu kuhusu kuitangaza bendi mtandaoni Uganda

Ukurasa wa bendi inayojitegemea una vipimo viwili vya maana: watu wanaolipa mlangoni, na simu za watu wanaotaka bendi ije iwapigie. Wafuasi, alama za kupenda na idadi ya waliotazama ni dalili tu, na dalili hudanganya. Karibu kila dhana iliyo hapa chini inatokana na kuifukuzia dalili na kusahau mlango.

Dhana: Takwimu za Facebook zinatuonyesha mashabiki wetu wako wapi

Kwa Uganda, hapana. Facebook ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Mwezi uliofuata mitandao mingine ikarudi, yenyewe ikabaki imefungwa, na watu wakazoea kuiingia kwa VPN. VPN humwonyesha mtu kana kwamba yuko katika nchi yenye seva anayoitumia. Ndiyo maana bendi ya Ntinda, Kampala, hufungua takwimu za ukurasa wake ikakuta mamia ya mashabiki Uholanzi na Marekani, kumbe wengi wao wako Kireka na Makindye.

Hasara kubwa iko kwenye matangazo ya kulipia. Ukiagiza tangazo lionekane Kampala tu, shabiki aliyeko Wandegeya mwenye VPN ya Ujerumani huenda asilione kabisa. Na VPN ikishawashwa hupitisha programu zote za simu, kwa hiyo hata kwenye Instagram, ambayo haikubaki imefungwa, utapoteza watu kadhaa. Hata hivyo Instagram ndiyo pa kuweka fedha. Facebook iache iwe ghala la picha, ratiba na namba ya simu, na mahali pa kuwasiliana na Waganda walio nje na wasikilizaji wa Kenya, Kongo na Sudan Kusini.

Usibonyeze kile kitufe cha kukuza posti na kukubali kila kinachopendekezwa, maana mara nyingi hutafuta watu wa kubonyeza alama ya kupenda, wala si watu wa kuja. Ingia kwenye Ads Manager, sehemu ya kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, chagua lengo la ujumbe ili tangazo lifungue WhatsApp ya bendi, ondoa Facebook kwenye sehemu za kuonyeshwa, kisha dondosha pini kwenye ukumbi wenyewe na uweke duara la kilomita 10 hadi 15. Bendi ndogo inaweza kuanza na shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 5, ya mwisho ikiwa siku ya onyesho. Kumbuka kodi ya VAT ya asilimia 18: hizo 50,000 zitatoka mfukoni zikiwa 59,000.

Dhana: Wafuasi wengi ni mtaji, hata wakinunuliwa

Posti mpya kwa kawaida huonyeshwa kwanza kwa watu wachache, na inasogezwa mbele kulingana na muda wanaoitazama. Ukiwa umejaza ukurasa akaunti bandia, umejiwekea watazamaji wasio na macho, na posti inafia hapo hapo. Promota naye siku hizi husoma maoni: wafuasi 20,000 na maoni manne kwa posti ni jibu tosha kwake.

Kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kununua ni hatari zaidi. Tangu 2024 Spotify huwatoza faini lebo na wasambazaji (kampuni zinazopeleka nyimbo kwenye majukwaa) pale inapogundua kwamba wimbo umesikilizwa kwa hila, na msambazaji huiteremsha faini hiyo kwa bendi au huuondoa wimbo. Mwaka huo huo ilianza pia kutolipa wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12.

Dhana: Video ikiwa safi, sauti ya simu inatosha

Hapa ndipo bendi nzuri zinapoharibiwa na kurasa zao wenyewe. Maiki ya simu imeundwa kwa mazungumzo. Ukisimama mita mbili kutoka kwenye spika za besi, sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haiponyeki baadaye kwa programu yoyote.

Njia ya kawaida ni kumwomba fundi mitambo njia ya pembeni ya mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) na kuchomeka kinasa sauti. Lakini katika ukumbi mdogo hiyo peke yake huleta balaa jingine: ngoma na gitaa hupiga kelele zenyewe jukwaani, kwa hiyo fundi hazipandishi sana kwenye mikisa, nawe unarudi nyumbani na rekodi yenye mwimbaji aliye karibu mno na bendi iliyo mbali kama iko bafuni. Dawa yake ni rekodi mbili. Ya kwanza itoke kwenye mikisa, ya pili kwenye kinasa au simu iliyowekwa katikati ya ukumbi, juu ya vichwa vya watu, mbali na spika. Kiwango cha juu cha sauti kwenye kipimo cha kinasa kicheze karibu na -12 dB ili kibwagizo kikilipuka kuwe na nafasi. Kabla ya wimbo wa kwanza mtu mmoja apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalotumika kuzilinganisha rekodi zote mbili na picha. Ukizichanganya, mikisa itatoa maneno, ukumbi utatoa ngoma na shangwe.

Kisha kuna besi. Waya mzito wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa takribani Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ya simu ndogo hutoa kidogo sana chini ya Hz 200. Adungu kubwa, kinubi cha West Nile, inayoshikilia besi hupatwa na jambo hilo hilo. Mtu wa Koboko anayesikiliza kwa spika ya simu anausikia wimbo wako bila sakafu. Nakili njia ya besi, iongezee ukali kidogo ili sauti zake za juu, kati ya Hz 200 na 800, zisikike, halafu ichanganye taratibu na ile ya asili. Jaribu kwenye simu ya bei nafuu zaidi iliyopo katika kundi kabla ya kupakia. Kubana sauti hadi iwe ukuta hakusaidii: Spotify na YouTube huzishusha rekodi zenye sauti kubwa hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kinachobaki ni uchovu wa masikio.

Kuhusu picha, kwa video fupi tumia wima, 1080 kwa 1920, fremu 30 kwa sekunde. Dakika moja ya 1080p hula takribani MB 60 hadi 130 kulingana na namna simu inavyobana faili. 4K hula kati ya 170 na 350, na bando linaisha kwa ubora ambao mtazamaji wa simu hauoni. Anza na kibwagizo au pale ngoma inapoingia, wala si salamu za MC. Ala ndefu zinahitaji akili kidogo. Amadinda, marimba ya mbao ya Baganda, ina vibao 12 na wapigaji watatu, wawili wakikabiliana na wa tatu akikaa kwenye vibao viwili vya juu. Ukiipiga picha ya wima kutoka ubavuni, unapata mgongo wa mtu mmoja. Simama upande wa kichwa cha ala, inua simu juu kidogo, na wote watatu wataingia wakiwa na vibao vyote.

Jambo moja dogo linaloharibu kazi nyingi: kutumiana video kwa WhatsApp kama video ya kawaida kabla ya kuipakia. WhatsApp huibana. Itume kama faili la hati, nayo itafika kama ilivyotoka.

Dhana: WhatsApp ni ya familia, haitangazi bendi

Kwa Uganda, baada ya redio, hakuna njia inayojaza ukumbi kwa gharama ndogo kama orodha ya namba za watu waliokwisha kuisikia bendi. Makosa yako kwenye matumizi. Orodha ya kutuma kwa wengi hubeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Bendi nyingi hukusanya namba 200 mlangoni, zikatuma tangazo, likafika kwa 30, zikasema WhatsApp haifanyi kazi. Kwa hiyo geuza utaratibu: mlangoni mtu aandike namba ya bendi kwenye simu yake, aihifadhi kwa jina la bendi, kisha atume neno moja, tuseme "tiketi". Hapo mmehifadhiana, na yeye amekubali kupata ujumbe. Anayetaka kujitoa aondolewe siku hiyo hiyo.

Tumia laini ya bendi yenyewe, isiwe ya mpiga kinanda. Jumbe mbili kwa kila onyesho zinatosha, moja siku nne kabla na moja asubuhi ya siku yenyewe ikiwa na ramani. Kundi la watu mia kadhaa lisilofungwa hugeuka soko la mahubiri na mikopo ndani ya wiki. Liwe la wasimamizi pekee kuandika, au lisiwepo.

Dhana: Tukivuma TikTok, TikTok itatulipa

Mpango wa TikTok wa kuwalipa watengenezaji kwa watazamaji wao haujafunguliwa kwa akaunti za Uganda. TikTok inakupa masikio. Fedha hutoka kwingine. Na masikio yenyewe hupotea kwa sababu za kijinga. Unapopeleka wimbo kupitia msambazaji, kuna mahali pa kuchagua sekunde ambayo kipande cha TikTok kitaanzia. Ukiacha kama ilivyo, mara nyingi watu wanapata utangulizi wa kinanda na hakuna wa kuucheza. Sogeza hadi sekunde chache kabla ya kibwagizo. Kosa la pili ni kubadili akaunti kuwa ya biashara: ukifanya hivyo unabaki na maktaba ya muziki wa kibiashara tu, na huenda wimbo wako mwenyewe usionekane kwenye orodha ya kuchagua.

Ukumbuke pia nani hubeba wimbo. Mwaka 2014 watoto wa Ghetto Kids wa Kampala walicheza wimbo wa msanii wa Uganda Eddy Kenzo kwenye video iliyozunguka dunia, na mwaka uliofuata Kenzo alipata tuzo ya BET. Miguu ya wachezaji ndiyo iliyousafirisha. Tafuta kikundi cha dansi cha mtaani kwako, wape kipande cha sekunde 20 na nauli, na kwenye Instagram video ichapishwe kwa ushirikiano ili posti moja ikae kwenye kurasa zote mbili.

YouTube hulipa Uganda, kwa masharti: ili kugawana mapato ya matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au mara milioni 10 za kutazamwa kwa Shorts (video fupi) katika siku 90. Bendi nyingi hufika hapo kisha zikashtuka kuona wimbo wao umedaiwa na mwingine. Mara nyingi mdai ni msambazaji wao wenyewe aliyeuandikisha kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo. Mwandikie na kiungo cha chaneli, aiweke kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Dhana: Kwa kuwa tunapiga wenyewe nyimbo za wengine, hakuna wa kutuzuia

Mtunzi bado ni mwenye wimbo. Video yako inaweza kubaki huku mapato yakienda kwake, au ikaondolewa. Na ukirusha onyesho moja kwa moja, katisha urushaji DJ anapoingia katikati ya seti: rekodi anazopiga ndizo zinazonyamazishwa kwanza, na zinaweza kuzima urushaji wote.

Dhana: Kupakia wimbo ni kuusajili

Chini ya sheria ya hakimiliki ya 2006, haki inakuja kazi inapokuwa yako na imerekodiwa au kuandikwa. Usajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, unakupa ushahidi wa maandishi siku ya ugomvi, tarehe ya YouTube ni ushahidi dhaifu zaidi. Malipo ya wimbo kupigwa hadharani ni jambo la tatu, nalo hupitia UPRS, chama cha kukusanya mirabaha ya muziki, kwa wanachama wake.

Dhana: Maelezo yawe ya Kiingereza ili tufike mbali

Kinachofika mbali zaidi, tena kwa faida, ni Kiswahili. Bendi ya Arua iko karibu na Ariwara ya Kongo kuliko ilivyo na Kampala. Ya Busia ina nusu ya mji wake Kenya. Imbeni Kiluganda, Kilugbara, Kiacholi, mnavyoimba, lakini mistari miwili ya Kiswahili chini ya video, ikieleza wimbo unasema nini, inamfungulia mlango msikilizaji wa Kisumu na wa Mwanza. Jina la bendi na la wimbo liandikwe kwa herufi zile zile kila mahali. Herufi au alama moja ikibadilika, majukwaa yanaweza kutengeneza wasanii wawili, na usikilizwaji ukagawanyika.

Dhana: Bango lenye kila kitu ndilo kamili

Nembo tisa za wafadhili kwenye skrini ya inchi sita hazisomeki. Siku, tarehe, ukumbi na alama inayojulikana karibu nao, saa bendi inapanda jukwaani, kiingilio, namba moja. Basi.

Dhana: Aliyefungua ukurasa ndiye atautunza

Hadi agombane na mpiga ngoma. Au hadi laini yake ikae bila kutumika, kampuni ya simu iigawe upya, na mtu asiyejulikana apokee SMS za kurejeshea akaunti. Kila ukurasa uwe na wasimamizi wawili wenye mamlaka kamili, wasioishi nyumba moja. Barua pepe iwe ya bendi. Uthibitishaji wa hatua mbili utumie programu ya kutengeneza namba, usitegemee SMS pekee, na zile namba za dharura zichapwe, zikunjwe na kuwekwa pamoja na mkataba wa bendi. Katika mkataba huo iongezwe sentensi moja: kurasa, chaneli na laini ya simu ni mali ya bendi, na anayeondoka anazikabidhi ndani ya siku 7.