Je, wajua kwa nini mchoraji wa wino harudii mstari aliokwisha kuuchora?

Tazama duara la wino la mtawa wa Zen, tawi la dini ya Buddha linalosisitiza kutafakari, au neno moja kubwa la Kichina lililoandikwa kwa brashi na msanii wa leo. Mwanzo wa mstari una donge, katikati umenenepa, na mwishoni umechanika hadi weupe wa karatasi unaonekana ndani yake. Hakuna aliyerudi kuziba mapengo. Wanaoulizwa sababu hujibu kwamba ni falsafa: mstari ni moyo wa mwandishi wakati ule, na wakati haurudi. Jibu hilo lina ukweli, ila linaanzia katikati. Msingi wa jambo lenyewe ni gundi ya ngozi na maganda ya mti.

Wino wa Kichina ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, yaani ile inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, kisha yakakandwa, yakatiwa kwenye kalibu na kukaushwa yawe kipande kigumu. Masizi hutoka kwenye msonobari unaochomwa au kwenye taa za mafuta. Ya mafuta ni laini zaidi na weusi wake umeiva. Ya msonobari, ukiyatia maji mengi, hutoa kijivu chenye ubuluu. Mjini Nara, ambako sehemu kubwa ya vipande vya wino vya Japani hutengenezwa, uwiano wa kawaida ni karibu sehemu 10 za masizi kwa 6 za gundi kwa uzani, na kazi hufanyika miezi ya baridi kwa sababu gundi huoza kukiwa na joto. Gundi ina kazi mbili. Kwenye maji huifunika kila chembe ya kaboni ili chembe zisishikane zikafanya mabonge. Kwenye karatasi huzinasa chembe hizo ndani ya nyuzi, na ikikauka vizuri haziachii tena hata karatasi ikiloweshwa.

Karatasi nayo ina mambo yake. Inayopendwa zaidi ni ya Xuan, kutoka wilaya ya Jing, mkoa wa Anhui, ambayo ustadi wa kuitengeneza uliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2009. Hutengenezwa kwa maganda ya mti uitwao Pteroceltis tatarinowii pamoja na mabua ya mpunga, kwa hatua zaidi ya 100, na malighafi huanikwa milimani muda mrefu ili jua na mvua viifanye nyeupe. Ipo ya aina mbili kuu. Ile "iliyopikwa" imepakwa shabu na gundi, kwa hiyo wino hukaa juu yake, nayo huwafaa wachora picha zenye mistari myembamba na rangi za tabaka kwa tabaka. Ile "mbichi" haikupakwa kitu. Tone likiigusa hunywewa papo hapo, maji yanatangulia kutambaa na kaboni inabaki nyuma, ndiyo maana ukingo wa mstari mwepesi huwa na kivuli cha kijivu. Wasanii wa wino wanaofuata njia ya Zen huitaka hii mbichi.

Sasa jaribu kurekebisha. Mstari wa kwanza umekwisha kuloweka nyuzi na gundi yake inaziba. Ukipitisha brashi juu yake, wino wa pili hauwezi kupenya pale palipozibwa. Unapenya pembeni tu. Kwa macho, mstari uliochorwa baadaye huonekana umepita CHINI ya ule wa kwanza. Hapo ndipo penye siri yote. Mpangilio wa mistari husomeka hata baada ya miaka mia mbili, na kiraka hujitangaza chenyewe: kina ukingo wake, kivuli chake na weusi wake. Kufuta ndiyo usiseme, kwani kaboni haififishwi na dawa ya kung'arisha, na karatasi mbichi ikikwaruzwa hufumka.

Linganisha na khati za Kiarabu, ambazo wasomaji wengi wa pwani wanazifahamu zaidi. Wino wake pia ni masizi, lakini gundi ni ya mti, na hiyo huyeyuka tena ikipata maji. Waandishi wa dola ya Osmania waliipaka karatasi wanga au ute wa yai wenye shabu, wakaisugua mpaka ikang'aa, hivyo wino ulikaa juu na herufi iliyokosewa iliweza kupanguswa kwa unyevu kidogo. Masizi ni yaleyale, ila kilichoamua kama kosa lisamehewe ni gundi na uso wa karatasi.

Zen iliikuta sanaa hii ikiwa tayari na ukali huo. Mafunzo ya Chan, jina la Kichina la Zen, yalitoka China yakaingia Japani kwa nguvu katika karne za 12 na 13, kupitia watawa kama Eisai na Dogen, na maandishi ya walimu yakahifadhiwa kama kumbukumbu ya mtu mwenyewe, si ya maneno yake tu. Duara ndilo lililoshika umaarufu. Shairi la kale la Chan hulitaja kuwa kama anga kubwa, halipungukiwi na kitu wala halina kilichozidi. Lakini msidhani watawa walikuwa na nyuso za kununa muda wote: Sengai, aliyeishi 1750 hadi 1837, alichora duara na pembeni akaandika maneno ya kumwalika mtazamaji ale hicho kisha anywe chai.

Wasanii wa karne ya 20 na ya sasa walichukua ule mkupuo mmoja wakaupanua. Mwaka 1952, kwenye hekalu la Ryoan-ji mjini Kyoto, Japani, Morita Shiryu, Inoue Yuichi na wenzao watatu waliunda kundi la Bokujinkai, wakitaka maandishi ya brashi yatazamwe kama sanaa ya kisasa yenye hadhi sawa na uchoraji wa Ulaya na Marekani. Inoue, mwalimu wa shule, alitandika karatasi sakafuni na kuandika neno moja au mawili kwa brashi kubwa ya kubebwa kwa mikono miwili. Kazi yake ya 1956, Gutetsu, ilionyeshwa São Paulo, Brazil, mwaka uliofuata. Huko Hangzhou, China, Wang Dongling huandika mashairi ya kale herufi ikipanda juu ya herufi hadi hayasomeki. Qiu Zhijie akaenda kinyume kabisa: kati ya 1990 na 1995 aliandika dibaji mashuhuri ya Wang Xizhi, bingwa wa kale wa maandishi ya brashi wa China, mara elfu juu ya karatasi ileile, mpaka ikawa nyeusi yote. Kwa maoni yetu kazi hiyo inaeleza sheria ya kutorudia vizuri kuliko maduara mengi yanayouzwa siku hizi kama mapambo ya ukutani, kwa sababu inaonyesha mrudio unaishia wapi.

Na kuna jambo ambalo masimulizi ya kiroho hulipitia kimyakimya. Msanii harekebishi mstari, lakini hurudia karatasi. Kazi moja iliyotundikwa kwenye jumba la sanaa mara nyingi ina karatasi kadhaa nyuma yake zilizoishia kwenye taka.

Ukitaka kulijaribu duara mwenyewe, anza na maji. Tia nusu kijiko cha chai cha maji baridi na safi kwenye jiwe la kusagia wino. Shika kipande cha wino kikiwa wima, kizungushe polepole bila kukandamiza, kwa dakika 10 hadi 15. Ukikandamiza, chembe hutoka kubwa na wino unakuwa na mchanga. Ukitumia maji ya moto, gundi hulegea na kipande kinalainika. Wino umeiva ukiona mng'ao wa mafuta na njia ya kipande inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Kiasi hicho kinatosha maandishi madogo tu. Kwa duara la sentimita 30 utahitaji kuongeza maji na kusaga mara nne au tano, ndiyo maana wengi hutumia wa chupa. Huo si haramu, ila mwingi una gamu za viwandani ambazo hukauka na kuigeuza brashi kuwa kijiti, kwa hiyo ioshe brashi mara tu umalizapo. Kipande kikaushwe kwa kitambaa baada ya kusaga. Kikiachwa kimesimama juu ya jiwe, gundi hushika, na ukija kukibandua kinaweza kuondoka na kipande cha jiwe.

Brashi iwe ya manyoya ya mbuzi, au ya mbuzi yaliyochanganywa na ya kicheche, yenye urefu wa sentimita 4 hadi 5. Brashi mpya huwa imekazwa kwa wanga. Iloweke kwenye maji ya kawaida mpaka manyoya yaachane yote, kisha ikamue. Usiichovye kavu, kwa sababu wino utaishia kwenye ncha na mstari utakatika robo ya njia. Tandika kitambaa kinene cha sufu chini ya karatasi, la sivyo wino utakaopenya utanaswa na meza na kurudi na madoa. Upande laini wa karatasi ndio unaotazama juu.

Simama. Brashi iwe wima, kifundo cha mkono kitulie, mwendo utoke begani. Vuta pumzi, gusa karatasi, na uondoke ukiitoa pumzi. Duara zima huchukua sekunde 2 hadi 4. Wengi huanzia chini kidogo kushoto na kuzunguka kama saa. Hapo pa kuanzia ndipo wanaoanza wanapoharibu: wanagusa, wanasita kufikiri, na ndani ya sekunde moja doa limekuwa kubwa kuliko unene wa mstari. Uamuzi ufanyike kabla ncha haijashuka. Ukizungusha kwa kifundo badala ya bega, duara hutoka na kona upande wa kulia. Ukiona kivuli kipana pande zote, wino ni mwepesi au mwendo ni wa polepole mno. Brashi ikipasuka ncha mbili mapema, ama imekauka ama umeikandamiza kupita nguvu ya manyoya.

Zile nyufa nyeupe za mwishoni haziigizwi. Hutokea brashi inapopungukiwa na wino huku mwendo ukiongezeka, manyoya yanaachana na kugusa vilele vya nyuzi tu. China mtindo huo umejulikana tangu enzi za ukoo wa kifalme wa Han, nao unahusishwa na msomi Cai Yong wa karne ya 2. Zikitokea mapema mno, chovya zaidi. Zisipotokea kabisa, umechovya kupita kiasi au umekwenda taratibu.

Karatasi ikikauka itakunjamana, na hilo si kosa. Iache siku kadhaa kabla ya kuipeleka kwa fundi wa kubandika, maana yeye huilowesha na kuigandisha kwenye karatasi nyingine kwa uji wa wanga wa ngano. Wino uliosagwa vizuri huvumilia maji hayo. Wino wa bei rahisi wa shuleni, au ule uliolala kwenye jiwe usiku kucha hadi gundi ikaoza, unaweza kuchuruzika, na kazi ikaishia hapo. Kata kipande kidogo cha karatasi chenye mstari wa majaribio, kitie maji, kikandamize kwa karatasi nyeupe. Kikiacha alama, mwambie fundi mapema ili atumie njia ya kubandika isiyo na maji.