Gustaf Gründgens na kiti cha mkuu wa jumba

Ninapofundisha uongozaji wa tamthilia, jina la Gustaf Gründgens, mwigizaji na mwongozaji Mjerumani, hujitokeza mapema, na wanafunzi wanaolijua huwa wameiona picha moja tu: uso mweupe kama chokaa, nyusi zilizopaa, midomo myekundu, kofia nyeusi iliyobana kichwa. Huyo ni Mephisto, shetani wa *Faust*, tamthilia ya mshairi Mjerumani Goethe. Picha hiyo imemfunika mtu mwenyewe. Kwa maoni yangu, kazi yake haieleweki mpaka uitazame ofisi aliyoikalia, ile ya Intendant, mkuu wa jumba zima la maonyesho.

Ujerumani majumba makubwa ya maonyesho ni mali ya mji au ya serikali. Jumba lina waigizaji wake wenye mikataba, mafundi wake wa mandhari na maleba, na tamthilia kadhaa zinazopokezana jukwaa msimu mzima. Intendant ndiye anayechagua tamthilia, anayeajiri, anayegawa fedha. Sisi tuliozoea kundi linalohangaika kutafuta ukumbi kwa siku mbili tatu tunaweza kuutamani mpango huo, na mimi nautamani kweli. Lakini anayemweka mkuu huyo kitini ni mwenye serikali.

Gründgens alizaliwa Düsseldorf tarehe 22 Desemba 1899, akasomea uigizaji hukohuko katika shule ya Louise Dumont na Gustav Lindemann. Baada ya majumba madogo ya Halberstadt na Kiel alifika Hamburg mwaka 1923, kwenye jumba la maonyesho la Kammerspiele, lililoongozwa na Erich Ziegel. Hapo ndipo alipoiva. Alikuwa akiigiza na kuongoza kwa wakati mmoja, na ndipo alipofahamiana na Klaus na Erika Mann, watoto wa mwandishi Thomas Mann. Alimwoa Erika mwaka 1926, wakaachana 1929. Kufikia hapo alikuwa Berlin, kwa mwongozaji mashuhuri Max Reinhardt. Waliomwona kwenye filamu ya *M* ya mwaka 1931, akiwa kiongozi wa wahalifu mwenye koti la ngozi, wanaujua ule ubaridi wake: sauti kali, kila silabi inasikika, hakuna mkono unaotikisika bure.

Mwishoni mwa 1932 aliigiza Mephisto kwenye jumba la serikali la Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani ya wakati huo, katika uwanja wa Gendarmenmarkt, Berlin. Wiki chache baadaye Hitler alikuwa kansela. Mwaka 1934 Gründgens alikabidhiwa jumba hilo, na aliyemkabidhi ni Hermann Göring, waziri mkuu wa Prussia. Jambo hili lina uzito wake: jumba lake lilikuwa la Göring, si la Goebbels, waziri wa propaganda, aliyetawala sehemu kubwa ya sanaa nchini, na wakubwa hao wawili walikuwa wakivutana. Katika ufa huo alijipenyeza. Mwaka 1937 Jürgen Fehling aliongoza hapo *Richard III* ya Shakespeare, na watazamaji wengi waliwaona watawala wao wenyewe ndani ya yule mfalme muuaji. Mwimbaji na mwigizaji mkomunisti Ernst Busch alipokamatwa na kukabiliwa na hukumu ya kifo, Gründgens aliingilia kati, na Busch akapona.

Hata hivyo siwezi kumfanyia hesabu kwa Busch peke yake. Mwaka 1936 alipewa cheo cha diwani wa serikali ya Prussia, akakipokea. Maonyesho yake mazuri yaliupa utawala ule heshima ambayo haukustahili, wakati wenzake wengi walikuwa uhamishoni, magerezani, au wameuawa. Klaus Mann, akiwa uhamishoni, alichapisha Amsterdam mwaka huohuo riwaya ya *Mephisto*, kuhusu mwigizaji anayejiuza kwa wenye nguvu. Kila mtu alijua anayelengwa. Mwaka 1971 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi iliuacha usimame uamuzi wa kuizuia riwaya hiyo kwa ajili ya heshima ya marehemu, ingawa mwaka 1981 ilitolewa tena. Naona ilipaswa kusomwa tangu mwanzo.

Mwaka 1945 Wasovieti walimtia kambini kwa miezi kadhaa. Busch alikuwa miongoni mwa waliomtetea, na mwaka 1946 alirudi jukwaani Berlin. Kisha akaliongoza jumba la Düsseldorf kuanzia 1947, na la Hamburg kuanzia 1955.

Hamburg ndiko ninakompenda zaidi kama mwongozaji. *Faust* yake ya 1957, iliyobuniwa mandhari na Teo Otto, iliondoa mapambo mazito ya zama za kale na kuweka jukwaa dogo la mbao juu ya jukwaa kubwa. Mtazamaji hakuachwa asahau kwamba anatazama mchezo, na maneno ya Goethe yalisikika kama mazungumzo ya watu wanaofikiri. Onyesho hilo lilisafiri mpaka Moscow mwaka 1959 na New York mwaka 1961. Mwaka huohuo wa 1959 alilitoa jukwaani kwa mara ya kwanza igizo la mwandishi Bertolt Brecht kuhusu Johanna wa machinjioni, na binti wa Brecht, Hanne Hiob, akiwa Johanna. Wanazi walikuwa wamelifungia njia igizo hilo zaidi ya robo karne kabla ya hapo.

Aliondoka Hamburg mwaka 1963, akafariki Manila tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo, akiwa safarini kuzunguka dunia.

*Faust* ile ilifanywa filamu mwaka 1960 na Peter Gorski, mwanawe wa kulea. Ukiipata, tafuta sehemu ambayo Mephisto amevaa joho la msomi Faust na kumshauri mwanafunzi kijana. Usimtazame anaposema tu. Mtazame anapomsikiliza yule kijana, uone ni nani hasa anayeyaendesha mazungumzo yale.