Fundi sanifu mtarajiwa, buku la mafunzo hujazwa kazini

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo swali linarudi: "Nina diploma, usajili wa nini tena?" Stashahada, yaani ngazi ya 6 ya tuzo za taifa za ufundi (NTA), inathibitisha kwamba umesoma na kufaulu. Usajili wa mafundi sanifu Tanzania unafanywa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), chini ya Sheria Na. 15 ya mwaka 1997 na marekebisho yake. Kujitambulisha kuwa umesajiliwa na hujasajiliwa ni kosa kisheria, hata kazi yako iwe safi namna gani. Leseni ya kufunga umeme majengoni ni habari nyingine kabisa, hiyo inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Tunaomba haya mawili yasiendelee kuchanganywa.

Kinachowakwamisha wengi kwenye mafunzo kwa vitendo ni kushindwa kueleza walichofanya kazini. Buku la mafunzo linaletwa limejazwa usiku mmoja, kalamu moja, kila siku "tulifanya matengenezo ya mota". Mkaguzi hawezi kupima chochote hapo. Andika hivi: "Mota ya fezi tatu, 7.5 kW, volti 400. Mega (kipima uhami wa waya) ya volti 500 kati ya waya za mota na bodi: megaohm 0.4, chini ya 1 inayotakiwa. Boksi la vituo lina maji, kibanio cha kebo kimelegea. Tumekausha, tumebadilisha kibanio, tumepima tena: megaohm 60." Ongeza ulichofanya wewe mwenyewe: kukata umeme, kufunga kufuli na kibao cha tahadhari, kuhakiki kwa tesa kwamba umeme haupo, kupima. Chora mchoro kwa mkono. Msimamizi asaini kila wiki, aandike jina na cheo, apige muhuri. Sahihi za miezi miwili zilizowekwa siku moja zinatambulika mara moja, na zinamwangusha hata aliyefanya kazi kwa bidii.

Kabla ya kulipa ada ya chuo, hakikisha NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, imekisajili chuo na imeitambua kozi yenyewe. Chuo kusajiliwa hakutoshi. Kidato cha nne, Hisabati na Fizikia ndizo zinazofungua mlango wa kozi nyingi za uhandisi, tunasikitika kuona mwanafunzi anazipuuza kidato cha pili kwa kusikiliza maneno ya mtaani.

Anayetaka kuendelea na shahada alenge GPA ya 3.0 au zaidi, kisha aombe NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Majina kwenye vyeti vyote yafanane herufi kwa herufi. Yakitofautiana, shughulikia hilo kwanza.