Mtu akilia mbele yako, usikimbilie andiko

Kazi yangu ni kufundisha mapasta na wazee wa kanisa namna ya kuhudumia watu wenye majonzi, na kwa kuwa wengi wa wanafunzi wangu ni Wakongo wanaoishi Nakivale na makambi mengine ya wakimbizi ya huku kusini magharibi mwa Uganda, tunasoma kwa Kiswahili. Kila darasa swali ni lile lile: "Mtumishi, mtu akianza kulia nimpe andiko gani?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Usimpe lolote kwanza. Kaa.

Sijasema Neno halina nguvu jamani. Ila mama amezika mtoto wiki iliyopita, unamwambia "Mungu ana makusudi yake", yeye anachosikia ni "nyamaza". Ataitika amina, atafuta macho, atakushukuru na soda atakununulia, wewe unaondoka ukijua umehudumu kumbe umemfungia mlango. Na tuseme ukweli, mara nyingi ile haraka ya kuomba ni shida yetu sisi watumishi, machozi ya mtu yanatutesa tunataka yaishe upesi turudi nyumbani.

Someni Ayubu vizuri. Mwisho wa sura ya 2 rafiki zake walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, maana waliona huzuni yake ni kubwa mno, na hapo walikuwa wanafanya kazi safi kabisa. Kuanzia sura ya 4 wakaanza kumfafanulia mateso yake, na ukifika sura ya 42 unamkuta Mungu mwenyewe amewakasirikia. Au Elia, 1 Wafalme 19, nabii mzima anaomba afe, malaika hakumkemea eti imani yako iko wapi, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Na Zaburi 88 inaishia gizani, hakuna kusifu mwishoni, lakini imo kwenye Biblia. Mimi huisoma na watu polepole na siwarukishi kwenda ya 23 mpaka wenyewe wawe tayari.

Hapa Uganda mfano ninaoupenda ni wa Gulu, mji wa kaskazini, mwaka 2003, vita ya Kony na waasi wake wa LRA imepamba moto, kila jioni watoto wanatembea kutoka vijijini kuja kulala mjini kwenye veranda na stendi ya basi wasitekwe na waasi. Askofu mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walienda wakalala nje pamoja na wale watoto. Hotuba walikuwa wameshatoa nyingi. Safari hii walipeleka miili yao, na dunia ndo ikaanza kuwaangalia wale watoto.

Sasa kusikiliza peke yake nako hakutoshi, na hapa mapasta wengine wananikasirikia. Mgonjwa wa kansa anayepiga kelele kwa maumivu hawezi kusikia zaburi yako, muulize nesi kwanza kama amepata dawa, nchi hii ina morfini ya kunywa tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, 1993, kwa hiyo usimwombee mtu avumilie kitu chenye dawa. Vilevile usimwambie mtu aache ARV au dawa za kifafa kwa sababu umemwekea mikono. Huo ni hatari tupu, sina namna nyingine ya kuusema.

Mtu akikwambia amechoka na maisha, muulize wazi: unafikiria kujiua? Wengi wanaogopa kwamba ukitaja utampandia wazo, haiko hivo, wengi wanapumua kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza. Akikubali, usimwache peke yake, ongea naye juu ya ndugu anayemwamini, dawa za shamba zitoke nyumbani, halafu mfikishe kwa wataalamu siku hiyo hiyo, Mbarara kuna hospitali ya rufaa yenye idara ya akili, Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Uende naye. Kumpa karatasi na nauli ya boda ni kumfukuza kwa adabu.

Na siri za watu, aisee. Dada amekwambia mumewe anampiga, Jumapili inatokea kama "ombi la maombi, tumkumbuke dada fulani ndoa yake inapita kwenye moto". Huo ni umbea umevaa joho. Mkutane mahali watu wanawaona ila hawawasikii, chini ya mti panatosha, na yakifika kwako yaishie kwako.

Baada ya mazishi ndo tunapoangusha watu zaidi. Siku ya kuzika kuna turubai, masufuria, mchango, kwaya mbili. Wiki ya tano hakuna hata mmoja anayebisha hodi, na mjane ndo anaanza kuelewa kwamba mzee harudi. Weka tarehe kwenye simu yako uende wakati huo, na ukifika mtaje marehemu kwa jina, uliza alikuwa anapenda kula nini, utashangaa anavyocheka huku analia. Kama waumini ni wengi kuliko miguu yako, wape kazi hiyo akina mama wa kanisa, hao hawaogopi kukaa jikoni na mtu asubuhi nzima wakichambua maharage bila kuhubiri, na kwa ninavyoona mimi wanatushinda sisi wenye kola.