Bodi ya maji ya bonde: nani hasa anagawa maji ya mto?

Mkazi wa Moshi mjini hulipa bili ya maji kwa mamlaka ya maji. Lakini mamlaka yenyewe, kabla ya kutega bomba lake kwenye chemchemi, inatakiwa iwe na kibali, na kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Bodi ya maji ya bonde ni chombo cha umma kinachosimamia maji yakiwa bado kwenye chanzo: mtoni, ziwani, kwenye chemchemi au chini ya ardhi. Yakishaingia bombani ni shughuli ya wengine. Ndiyo maana anayekwenda kuilalamikia bodi kwamba bomba la mtaani halitoi maji huambiwa amepotea njia.

Bonde ni eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto au ziwa moja. Tanzania Bara ina mabonde 9, na mipaka yake haifuati mikoa. Bonde la Pangani linalionyesha hilo vizuri. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na Kilimanjaro; Ruvu hutokea Ziwa Jipe, mpakani na Kenya; mito yote miwili huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kuanzia hapo ni Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68) kabla ya kumwaga baharini. Mkulima wa Arumeru akifungua maji, athari yake inafika Tanga. Mkuu wa mkoa mmoja hana namna ya kuamua jambo kama hilo, na halmashauri ndiyo kabisa. Ofisi ya bonde hili ndiyo ya kwanza nchini. Ilianzishwa mwaka 1991, wakati serikali na wafadhili wakijiandaa kujenga upya mtambo wa Pangani na wakihofia kwamba maji yataishia mashambani.

Sheria inayotumika sasa ni ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009. Inasema maji yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo bodi haimiliki maji, wala haiuzi. Inatoa ruhusa ya kuyatumia. Wizara ya Maji hubaki na sera, kanuni, mazungumzo na nchi jirani kuhusu maji ya pamoja kama maziwa ya Jipe na Chala, uteuzi wa wajumbe wa bodi, na rufaa: asiyeridhika na uamuzi wa bodi hupanda kwa Waziri. Bodi hubaki na vibali, vipimo, mpango wa bonde, udhibiti wa uchafuzi na usuluhishi wa migogoro. Chini yake wapo watumiaji wenyewe, kupitia kamati za vidakio (sehemu ndogo za bonde) na jumuiya za watumia maji.

Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuchepusha mto, kuweka pampu ya shamba, kuchimba kisima kirefu au kutiririsha majitaka mtoni kunahitaji. Mwombaji hujaza fomu akitaja chanzo, mahali, matumizi na kiasi. Wataalamu huenda kukagua, majirani na taasisi nyingine hupewa nafasi ya kupinga, kisha bodi huamua. Kiasi ndipo wengi wanapokosea. Lita 1 kwa sekunde inaonekana kidogo, kumbe kwa siku ni lita 86,400. Mwingine huomba mara tatu ya mahitaji yake "kwa tahadhari", halafu anashtuka kuona ada ya mwaka, ambayo hupangwa kwa kiasi na aina ya matumizi.

Namba ya kwenye karatasi ni jambo moja. Kinachopita mferejini ni jambo jingine. Kukadiria hakuhitaji mtambo. Chukua mfereji ulionyooka, upana meta 1, kina sentimeta 30. Dondosha chungwa, lihesabie muda wa kwenda meta 10. Likitumia sekunde 25, mwendo ni meta 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kisha zidisha kwa upana na kina: unapata karibu lita 100 kwa sekunde. Kama kibali kinasema 60, basi kuna meta za ujazo 3,456 kwa siku zinazotoka mtoni bila idhini. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kuiba. Banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, ni la mawe na magunia, halina lango la kurekebisha wala kipimo, na mfereji wa udongo unapoteza maji mengi njiani, kwa hiyo wakulima wanavuta zaidi ili yawafikie walio mwisho.

Miteremko ya Kilimanjaro ina mifongo, mifereji ya Wachagga iliyochimbwa enzi za mababu, yenye kamati zake, zamu zake na siku zake za kusafisha. Watu hawa wanapoambiwa walipie, huuliza: tangu lini maji ya Mungu yakawa na ada? Ni swali la haki. Sheria yenyewe inatambua haki za kimila za maji na inaruhusu ziandikishwe. Jibu la bodi ni kwamba ada si bei ya maji bali gharama ya kuyapima na kuyalinda, na jibu hilo lina uzito pale tu kituo cha kupima mto kinapofanya kazi.

Ugumu mwingine unatoka serikalini kwenyewe. Wanaojenga skimu za umwagiliaji hupimwa kwa hekta, wa umeme kwa megawati, halmashauri kwa mavuno. Skimu ikijengwa kwanza kibali kikaombwa baadaye, bodi huwekwa kwenye kona: inyime watu ambao tayari wamepanda, au igawe maji ambayo hayapo.

Kiangazi kikibana, sheria imeshapanga foleni. Matumizi ya nyumbani kwanza. Halafu maji yanayobakizwa mtoni kwa ajili ya mazingira. Yakipungua mno, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini kuingia mtoni karibu na mji wa Pangani. Kilimo, viwanda na umeme hugawana kinachobaki, na hapo bodi inaweza kupunguza kiasi cha kila kibali, hata cha aliyelipa ada yake yote.