Kinyago, Mjusi na Kipilefti: Sanaa ya Hadharani Mtwara na Lindi

Mgeni anayeelekezwa njia katikati ya Dar es Salaam huambiwa aulizie Sanamu ya Askari, na hufika bila hata kujua kwamba askari yule wa shaba alisimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, gavana wa zamani wa koloni la Wajerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Mahali ni palepale, ila mtawala alipobadilika, na anayekumbukwa alibadilika. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi urithi hatuiti sanaa ya hadharani pambo la mji. Ni kauli kuhusu nani mwenye mji.

Kwa Mtwara mjini suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mji wenyewe ni mchanga. Jirani yake Mikindani ina historia ya karne nyingi na boma la Wajerumani la mwaka 1895, lakini Mtwara ya leo, pamoja na bandari yake ya kina kirefu, ilichorwa kwenye karatasi kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuvunjika miaka michache tu baadaye. Karanga zilishindikana, mji ukabaki, na watu walioujaza kutoka Newala, Tandahimba, Masasi na ng'ambo ya Ruvuma walikuja na sanaa yao mikononi.

Sanaa hiyo ni uchongaji wa Kimakonde, ambao kwa bahati mbaya ni rahisi zaidi kuukuta kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, kuliko katika viwanja vya miji ya Kusini. Tazama kwa karibu kinyago cha mtindo wa ujamaa, ambao wachongaji wenyewe huuita dimoongo: watu wamepandana, huyu kamkanyaga yule begani, mwingine kashika mguu wa aliye juu yake, na ukipitisha kidole kutoka unyayo wa chini hadi utosi wa juu hutakuta kiungo wala gundi, kwa kuwa wote wametolewa katika gogo moja la mpingo. Ni vigumu kufikiria umbo linalofaa zaidi kwa uwanja wa mji uliojengwa na watu waliotoka huku na huku.

Hata hivyo, si kila kilicho chetu kinafaa kuwekwa barabarani. Lipiko, barakoa ya Kimakonde, ilivaliwa katika ngoma za kuwatoa vijana jandoni na unyagoni, na sehemu ya nguvu yake ilikuwa siri: wanawake na wasiopitia jando hawakupaswa kujua ni nani yuko ndani. Lipiko moja iliyoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 ilionekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, ikarejeshwa Tanzania mwaka 2010 baada ya mazungumzo marefu. Kifaa kilichopiganiwa namna hiyo hakistahili kukuzwa kwa saruji na kupakwa rangi ya mafuta bila wazee, makungwi na wachongaji kuulizwa kwanza. Mimi naona waulizwe kabla mchoro haujachorwa, si siku ya uzinduzi wanapoitwa kukaa chini ya turubai.

Lipo pia suala la malighafi, ambalo kamati nyingi hulikumbuka mwishoni. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, lakini ukiachwa juani na mvuani hupasuka. Saruji nayo, ikichanganywa na mchanga wa pwani wenye chumvi, huozesha nondo zake kwa ndani. Katika mji mmoja wa pwani niliwahi kuona sanamu ya samaki ambaye mkia umeanguka na nondo zimechomoza kama miba. Bajeti ilikuwa ya kujenga, ya matengenezo haikuwepo.

Lindi ina mjadala wake, nao unamhusu mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kilima cha Tendaguru mkoani humo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, na dinosaria mmoja, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama leo katika makumbusho ya Berlin. Mifupa hiyo haikutembea yenyewe. Ilichimbwa na mamia ya vibarua, wakiwemo mafundi waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, kisha ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi.

Wakazi wakitaka sanamu ya mjusi, wana haki. Lakini mnyama yule amekwisha kupata umaarufu wake, na mpagazi bado. Tofauti ya vipimo nayo ina maana katika upangaji: mjusi wa mita 13 ataonekana hata na walio kwenye majahazi, wakati mtu aliyeinama chini ya mzigo huonekana vizuri na aliyesimama kando yake tu. Huyo asiwekwe katikati ya kipilefti, ambako hakuna anayevuka magari ili asome jina la mchongaji na majina ya waliobeba. Awekwe karibu na gati, usawa wa ardhi, mahali ambapo mtoto anayetoka shule anaweza kuugusa mzigo wenyewe.