Mfadhili wa fasihi maana yake nini? Mfano wa Earl wa Oxford

Siku hizi ukisema mfadhili watu wanawaza shirika linaloleta hela za mradi, lakini Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza mfadhili wa fasihi alikuwa bwana mkubwa mwenye cheo na ardhi, mwandishi anajisogeza kwake, akichapisha kitabu anamtabarukia kwa jina na sifa zake pale mwanzoni, na bwana akipendezwa anamtunza, inaweza kuwa pesa, inaweza kuwa kazi nyumbani kwake. Mrabaha haukuwepo, mchapishaji akishakulipa kidogo chako basi, faida ni yake.

Mchukue Edward de Vere, Earl wa 17 wa Oxford (Earl ni cheo cha juu cha kurithi kwa mabwana wa Uingereza), kazaliwa 1550. Baba yake alifariki 1562, dogo ana miaka 12, akapelekwa London kulelewa kwa William Cecil, mshauri mkuu wa malkia, na 1571 akamwoa binti wa mzee huyohuyo, Anne. Akawa mtu wa kasri kabisa, na mashairi akaandika mwenyewe, mengi ya mapenzi na majonzi.

Ila kwangu mimi ukubwa wake uko kwa wale aliowabeba. John Lyly alikuwa katibu wake, na mwaka 1580 akamtabarukia Euphues and His England, kitabu kilichopendwa mno wakati ule, Thomas Watson naye akamtabarukia mashairi yake 1582. Halafu ukumbi wa maigizo wa Blackfriars, Oxford alipoupata 1583 akamwachia Lyly, na tamthilia za Lyly zikachezwa na vijana wadogo wa kiume mpaka mbele ya malkia.

Na hapa ndipo watu wengi hawafiki, ufadhili haukuwa hela tu, ulikuwa JINA. Sheria ya 1572 iliwahesabu waigizaji wasio na bwana kuwa wazururaji, ukikamatwa unachapwa viboko na sikio linatobolewa kwa chuma cha moto. Kwa hiyo kundi likiitwa "watu wa Oxford" lile jina ndio ngao yao barabarani, wanazunguka mji hadi mji wanaigiza. Hiyo kitu naona ina uzito kuliko sarafu.

Mambo ya kwamba eti yeye ndiye aliyeandika kazi za Shakespeare yaliletwa na mwalimu mmoja Mwingereza, J. Thomas Looney, mwaka 1920, wataalamu karibu wote wanayakataa, na inaniuma kwa sababu yamefunika hiki alichokifanya kweli.

Sasa kumbe mfadhili naye alikuwa na mfadhili wake. Oxford aliuza ardhi ya ukoo kipande kwa kipande, safari ya Italia ya 1575 peke yake ilikula mali nyingi, mwisho akawa hana kitu, na 1586 malkia akaanza kumpa pauni 1,000 kila mwaka. Mfalme James aliporithi kiti 1603 akaendelea kumlipa vilevile, hadi Oxford alipofariki Juni 1604.